Somo la Mifugo: Kulea Watoto wa Paka Waliofiwa na Mama

Katika maboma mengi ya Maseno paka amewekwa kwa kazi moja, nayo ni panya. Mahindi ya msimu wa mvua ndefu yakishavunwa na kukaushwa, huingizwa kwenye dero au hupangwa kwa magunia ndani ya nyumba, na usiku huohuo panya nao huanza hesabu zao. Familia yenye paka mzuri hulala. Familia isiyo na paka hununua sumu.

Na sumu ndiyo chanzo kimoja kikubwa cha tatizo tunalolizungumzia katika somo hili. Aina nyingi za sumu ya panya hazimwui panya papo hapo. Panya aliyeila huzunguka siku mbili tatu akiwa mlegevu, paka wa jirani humkamata bila shida, na sumu iliyomo mwilini mwa panya humwingia paka. Kama paka huyo ana watoto, watabaki nyuma ya magunia wakilia hadi sauti ikauke. Wengine hufiwa na mama barabarani, maana barabara ya Kisumu kwenda Busia inapita katikati ya Maseno na magari hayapunguzi mwendo kwa ajili ya paka. Wengine mama yao huuawa na mbwa. Na kuna wale ambao mama yao yuko hai kabisa, ila mtu aliwatia kwenye gunia na kuwatupa kando ya soko au ndani ya choo cha shimo. Kitendo hicho ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtesa mnyama bila sababu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la kaunti lishughulike na watoto wa paka ilhali kuna ng'ombe, mbuzi na kuku. Jibu limo katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti, pamoja na mengine, huduma za mifugo na udhibiti na ustawi wa wanyama. Halisemi wanyama wa maziwa peke yao. Tena ghala lisilo na panya ni suala la chakula, na paka asiyechanjwa ni suala la afya ya watu, kama tutakavyoona.

Jambo moja tu likikaa kichwani baada ya kusoma, liwe hili: joto kwanza, maziwa baadaye. Watoto wengi wa paka hufa mikononi mwa watu wenye huruma kwa sababu mpangilio huu uligeuzwa.

Je, ni yatima kweli?

Usiwe na haraka ya kuwachukua. Paka mama huondoka kwenda kuwinda, na akishtushwa huhamisha watoto wake mmoja mmoja akiwabeba kwa ngozi ya shingo. Anayewakuta wawili chini ya mti huenda amemfumania mama akiwa safarini na wa tatu. Watazame. Watoto wanaotunzwa ni wasafi, matumbo yao ni ya duara, na wamelala kimya wakiwa wamelaliana. Walioachwa ni wachafu, wamesinyaa na wanalia mfululizo. Kama ni wasafi na hakuna hatari ya mbwa, gari au mvua, rudi nyuma na uangalie ukiwa mbali kwa saa kadhaa. Kama wamepata baridi au wana majeraha, hapo hakuna cha kungoja.

Waliookotwa kwenye nyasi ndefu, kando ya mto au kwenye shamba la miwa watazamwe vizuri zaidi. Mtoto wa mondo hufanana na wa paka kwa mtu asiyemjua: ana madoadoa, masikio makubwa na miguu mirefu kuliko kawaida. Huyo ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 huwezi kumfuga bila kibali. Mwache palepale, kwani mama yake kwa kawaida hayuko mbali, na ujulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kabla ya kununua bomba lolote, uliza majirani kama kuna paka anayenyonyesha. Hii ndiyo njia bora kuliko zote zinazofuata. Paka wengi hukubali watoto wa mwenzao wakiwa na umri unaokaribiana na wake. Wapanguse wageni kwa kitambaa walicholalia watoto wake ili wanuke harufu moja, kisha waweke katikati ya wenzao mama akiwa ametulia. Mkae karibu saa ya kwanza. Akianza kuwalamba, kazi yako imekwisha kabla ya kuanza.

Joto

Maseno iko kwenye mstari wa ikweta, na mgeni hudhani ni mahali pa joto usiku na mchana. Anayelala hapa anajua ukweli. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua nyuzi zinaweza kushuka hadi karibu 15. Mtoto wa paka aliyezaliwa wiki hii huhitaji mahali penye nyuzi kama 30 hadi 32. Hana manyoya ya kutosha, hana mafuta chini ya ngozi, na katika siku zake za kwanza hawezi hata kutetemeka, ile njia ambayo mwili hujipashia joto. Joto lake lote hutoka kwa mama na kwa ndugu zake.

Mwili wake ukishapoa chini ya nyuzi 35, tumbo na utumbo huacha kufanya kazi. Ukimpa maziwa wakati huo hayasagwi. Yanakaa tumboni na kuchacha, au yanarudi juu na kuingia kwenye mapafu. Mwokoaji huona mtoto amekataa kunyonya, anamlazimisha, na asubuhi anamzika akisema alikuwa na njaa mno. Kumbe baridi ndiyo iliyomwua.

Basi anza hivi. Ingiza ncha ya kidole chako kinywani mwake. Kama ndani ni baridi kwa kidole chako, hakuna maziwa. Mweke kifuani, ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, na umpashe polepole kwa muda wa saa moja au mbili. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimweke kando ya jiko. Joto la ghafla linaweza kumwua kama baridi. Akianza kujinyonganyonga na kutafuta chuchu kwa mdomo, na kinywa kimekuwa na joto, sasa unaweza kufikiria chakula. Kama bado ni mlegevu baada ya kupata joto, paka tone moja la maji ya sukari kwenye ufizi wake, si zaidi, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kwa makazi, katoni inatosha. Tandika kitambaa kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Jaza maji ya moto katika chupa ya soda ya nusu lita, ifunge vizuri, ivishe soksi nene na uilaze upande mmoja wa katoni. Upande wa pili uachwe bila chupa ili mtoto akiona joto limezidi aweze kusogea. Chupa ikipoa humnyonya mtoto joto badala ya kumpa, kwa hiyo ibadilishwe kila saa mbili au tatu, na muda huo unalingana na ratiba ya maziwa. Wenye lile kapu la kuhifadhi joto, ambalo akina mama hupikia maharagwe bila moto, wana kitanda kizuri tayari. Lakini kifuniko kiwekwe mbali kabisa, kwa sababu mtoto atakosa hewa. Jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya paka wala kwa ajili ya mtu.

Wiki ya pili nyuzi 27 hadi 29 zinatosha, na kufikia wiki ya nne 24 hivi ni sawa.

Maziwa gani?

Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai. Si kwamba ni sumu, bali ni mepesi mno. Katika gramu 100 za maziwa ya ng'ombe kuna protini kama gramu 3.3. Ya paka huwa na karibu gramu 7 au zaidi, na sukari ya maziwa iliyomo ni kidogo kuliko ya ng'ombe. Mtoto anayepewa ya ng'ombe hushiba maji, huhara, na hupungua uzito tumbo likiwa limejaa. Maziwa ya unga ya watoto wachanga wa binadamu yana tatizo hilohilo la protini, hata kama bei yake inaumiza.

Hili la kila mnyama na maziwa yake lilijulikana nchini Kenya kwa njia ngumu. Daphne Sheldrick alijaribu kwa miaka mingi kulea ndovu wachanga waliofiwa na mama, nao wakafa kwa sababu hawakuweza kumeng'enya mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Alifanikiwa alipopata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Paka hahitaji nazi, lakini kanuni ni ileile.

Kinachofaa zaidi ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambayo hupatikana katika baadhi ya kliniki za wanyama na maduka makubwa mijini. Yachanganywe kama pakiti inavyoelekeza. Kuyafanya mazito zaidi ili "yashibishe" huleta kuvimbiwa, na kuyazimua ili yasiishe huleta njaa.

Ukiwa huna, na ni usiku, tengeneza ya dharura: glasi moja ya mililita 250 ya maziwa kamili, ya mbuzi ukiyapata au ya ng'ombe, yaliyochemshwa na kupoa kiasi, viini viwili vya yai vilivyopikwa na kupondwa hadi vilainike, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Koroga sana na uchuje kwa chujio la chai, la sivyo bomba litaziba. Ute mweupe wa yai usitiwe. Asali na sukari zisitiwe. Mchanganyiko huu ni wa kuvusha siku moja au mbili, si wa kulelea mwezi mzima. Ukae kwenye friji kwa saa 24 tu, na pasipo na friji utengenezwe kidogo kidogo kila unapohitajika.

Kiasi, na jinsi ya kumshika

Hapa mizani husaidia kuliko macho. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja ndiyo kifaa cha maana kuliko chupa. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu kama 85 hadi 115, na anayelelewa vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Mpime kila asubuhi kabla ya kula na uandike kwenye daftari. Siku ambayo uzito haukupanda ni onyo. Siku ambayo umeshuka ni siku ya kwenda kwa daktari, hata kama anaonekana mzima.

Kwa siku nzima mtoto huhitaji mililita 18 hadi 20 za maziwa kwa kila gramu 100 za uzito wake, na tumbo lake haliwezi kubeba zaidi ya mililita 4 kwa kila gramu 100 kwa mara moja. Tuchukue mfano. Mtoto ana gramu 120. Mahitaji yake ya siku ni mililita 24 hivi. Ukimlisha mara nane, kila mlo ni mililita 3, na tumbo lake lina nafasi ya karibu 5. Wakiwa wanne wa uzito huo, siku nzima hawamalizi hata nusu ya glasi. Gharama ya kazi hii ni usingizi. Maziwa yenyewe ni kidogo.

Wiki ya kwanza alishwe kila saa mbili hadi tatu, usiku pia. Wiki ya pili kila saa tatu hadi nne. Wiki ya tatu kila nne hadi tano, na ya nne kila tano hadi sita. Kama hujui umri wake, tazama macho na masikio: macho yakiwa yamefumba na masikio yamelala, hajafika wiki moja au ndiyo kwanza anaikaribia. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, nayo huwa ya buluu kwa wote. Anayetembea kwa kuyumbayumba ana wiki tatu, na meno madogo ya mbele huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya tatu.

Sasa jambo ambalo limewaua wengi. Mtoto wa paka halishwi akiwa amelala chali kama mtoto wa mtu. Alazwe kwa tumbo juu ya kitambaa, kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, kama anavyolala anaponyonya mama yake. Akiwa chali maziwa huteremkia kwenye mapafu, na siku ya pili anapumua kwa shida, siku ya tatu ana homa ya mapafu.

Chupa ndogo zenye chuchu zipo, lakini bomba la sindano la mililita 1 au 2, bila sindano yenyewe, linapatikana katika kila agroveti na linafanya kazi nzuri. Pasha maziwa yafikie joto la mwili. Tone moja ndani ya kifundo cha mkono wako lisikike vuguvugu, si moto. Weka ncha ya bomba kando ya mdomo, toa tone, ngoja ameze, toa lingine. Usisukume bomba kwa nguvu hata kidogo. Maziwa yakimtokea puani, acha mara moja, mwinamishe kichwa chini, mpanguse, na usiendelee hadi apumue sawasawa. Bomba lioshwe kwa sabuni na kuchemshwa baada ya kila awamu, na kila mtoto awe na lake wakiwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Baada ya kula bado hujamaliza. Mtoto aliye chini ya wiki tatu hawezi kukojoa wala kupata choo mwenyewe, mama yake humlamba ndipo atoe. Lowesha pamba kwa maji ya vuguvugu na umpapase taratibu chini ya mkia hadi mkojo utoke. Fanya hivyo kila baada ya mlo. Choo hakitoki kila mara, mara moja kwa siku ni kawaida, na chake huwa cha manjano na laini kama dawa ya meno.

Akiugua

Mtoto aliyefiwa na mama mapema mara nyingi amekosa dang'a, yale maziwa ya kwanza yanayobeba kingamwili. Utumbo wake huweza kuzipokea kingamwili hizo katika siku ya kwanza tu ya maisha. Baada ya hapo mlango umefungwa. Kwa hiyo anaugua upesi na kushuka upesi. Mtu mzima huweza kuhara siku mbili akapona, lakini mtoto wa paka wa gramu 150 huweza kufa kati ya asubuhi na jioni.

Kuhara ndiko kunakotokea zaidi. Kwanza jiulize kama umemlisha kupita kiasi au umebadilisha maziwa ghafla. Mlo mmoja unaweza kubadilishwa kwa maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyosema, kwa kiasi kilekile cha maziwa, lakini mtoto asikoseshwe chakula siku nzima. Vuta kidogo ngozi ya kati ya mabega: ikibaki imesimama badala ya kurudi, au ufizi ukiwa mkavu na unanata, amepungukiwa na maji na dawa ya nyumbani haitamtosha. Kuhara kwenye damu, au kuhara pamoja na kutapika, kunaweza kuwa ile homa kali ya paka inayoletwa na virusi. Hiyo humaliza uzao mzima, na virusi vyake huweza kukaa nyumbani hadi mwaka mmoja. Tenga wagonjwa na paka wengine, choma matandiko, na uoshe sakafu kwa jiki. Sabuni peke yake haiviui.

Viroboto tunawachukulia kama kero tu, na kwa paka mkubwa ni sawa. Kwa mtoto wa wiki mbili viroboto ni wanyonyaji wanaoweza kummaliza damu. Inua mdomo utazame ufizi. Ukiwa wa waridi, yuko salama. Ukiwa mweupe kama karatasi, ameishiwa damu. Wachane viroboto kwa kitana chenye meno ya karibu, au mwoshe mwili, kichwa kikiwa juu, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha mkaushe upesi hadi manyoya yawe makavu kabisa kabla hajapoa. Usitumie unga wa viroboto wa mbwa au wa kuku. Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata tone moja ndani ya ndoo. Paka hujilamba, na mwili wake hauwezi kuondoa kemikali nyingi ambazo mbwa na ng'ombe huzivumilia.

Hivyohivyo kwa dawa za watu. Paracetamol, hata kipande kidogo, humwua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja. Nusu ya kidonge alichopewa kwa huruma huharibu damu yake ndani ya saa chache.

Macho yaliyogandamana kwa usaha, chafya na kamasi ni mafua ya paka. Pangusa macho kwa pamba safi iliyoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, pamba moja kwa kila jicho. Usiyafungue kwa nguvu. Macho yaliyovimba chini ya kope zilizofumba yana usaha ndani na yanahitaji daktari siku hiyohiyo, au atapofuka. Mafuta ya macho yachaguliwe na daktari, maana baadhi yana dawa zinazofanya kidonda cha jicho kiwe kibaya zaidi. Mtoto mwenye pua iliyoziba hakatai maziwa kwa kiburi. Hasikii harufu yake. Mpanguse pua kwanza.

Minyoo hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata mtoto mdogo anaweza kuwa nayo. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili au ya tatu na kurudiwa kila baada ya wiki mbili, kwa kipimo cha uzito anachokupa daktari au msaidizi wa mifugo. Kidonge cha mbuzi kilichokatwakatwa kwa makadirio si kipimo.

Unapokwenda kwa afisa wa mifugo, katika ofisi ya kaunti ndogo au kwa daktari wa binafsi aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, nenda na lile daftari la uzito, kinyesi kidogo kwenye kikopo, na mtoto akiwa ndani ya katoni yenye chupa yake ya moto. Safari ya bodaboda bila joto imewahi kumaliza kazi ambayo ugonjwa ulikuwa haujaimaliza. Na lisemwe wazi: hata kwa matunzo mazuri, baadhi hufa katika wiki mbili za kwanza.

Kichaa cha mbwa na afya ya walezi

Uliza mama yao alikufaje. Kama alikuwa akidondokwa na mate, akishambulia watu au kutembea kama mlevi, au kama aliumwa na mbwa asiyejulikana, usiwaguse watoto wake kwa mikono mitupu. Jina ni kichaa cha mbwa, lakini paka hukipata na kukipitisha kwa mate. Mjulishe afisa wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mnyama wa namna hiyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Kenya ina mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, ulioanza 2014, na Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa kwa utekelezaji wake.

Watoto wa shule hupenda sana kazi ya kulisha, na waachwe waifanye, mradi mtu mzima awepo na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya ni choa, na huambukiza watu. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kusafisha kinyesi cha paka.

Kuanzia wiki ya nne

Meno yakishatoka na mtoto akianza kutafuna chuchu badala ya kuinyonya, mwanzishie chakula kwenye kisahani kifupi. Hapa sisi wa kando ya ziwa tuna bahati. Omena kavu za kiasi cha kiganja, zioshwe mara tatu mchanga uishe, zichemshwe bila chumvi, vitunguu wala viungo, kisha zisagwe na kulainishwa kwa maziwa yake yaleyale. Atatembea ndani ya chakula, atakikanyaga, atakipiga chafya. Ni kawaida. Punguza bomba kadiri kisahani kinavyokwisha, na kufikia wiki ya saba au ya nane hahitaji tena maziwa.

Omena zichemshwe kila mara. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiondoa. Na paka hawezi kukua kwa ugali na maziwa kama tulivyozoea kumwekea mlangoni. Anahitaji taurini, iliyomo kwenye nyama na samaki na isiyomo kwenye unga wa mahindi, la sivyo macho na moyo wake huharibika polepole. Paka wa ugali ambaye bado ana afya anaishi kwa panya anaowala.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu. Chanjo za homa ya paka na mafua huanza mapema zaidi, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, na huhitaji kurudiwa. Mwulize pia daktari kuhusu kuhasi madume na kufunga kizazi majike. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na hubeba kwa karibu siku 65, kwa hiyo yule uliyemlisha kwa bomba mwezi wa nne anaweza kukuletea katoni nyingine kabla mwaka haujaisha.

Wa kuwagawa kwa majirani wasiondoke kabla ya wiki nane. Anayekuja kuchukua aulizwe kwanza kama nyumbani kwake bado kuna sumu ya panya, na kama ipo, iko wapi.